Kufunika Mfupa Ulio Wazi: Historia Inayookoa Miguu ya Watoto Wetu

Leo sitaanza na dalili wala dawa kama ilivyo kawaida yetu. Leo nitakusimulia historia. Ni historia inayotoka India, inapita Uingereza na Marekani, inafika hapa kwetu Kenya, na inaishia kwenye mguu wa mtoto mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimhudumia. Kama unachambua mboga, endelea tu, lakini sikio nipe mimi.

Mtoto aliyegongwa na boda boda

Mtoto huyo alikuwa na miaka minane. Aligongwa na pikipiki akitoka shule. Mfupa haukuvunjika, na kila mtu alimshukuru Mungu. Lakini ngozi ya mbele ya mguu, kati ya goti na kifundo, ilichunika ikabaki nafasi ya ukubwa wa kiganja chake.

Mama yake alimleta kwenye zahanati niliyofanya kazi wakati huo. Alimbeba mgongoni kila baada ya siku mbili, mvua au jua. Nilisafisha kidonda, nikafunga bandeji safi, nikaandika kwenye kadi: "Kidonda kisafi, aendelee kuoshwa." Wiki ya kwanza niliandika hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu na ya nne pia. Wiki ya tano mama akaniuliza, "Sista, hiki kitu cheupe hapa katikati ni nini? Mbona nyama haikifuniki?"

Kile kitu cheupe kilikuwa mfupa. Nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza. Nilidhani nyama ingeota na kuufunika polepole, kama vidonda vingine. Sasa mfupa ulikuwa umekauka na kuanza kugeuka rangi ya manjano, na usaha ulikuwa unatoka pembeni. Nilijua jinsi ya kuosha kidonda, lakini sikujua kwamba kuna kidonda ambacho hata ukikiosha mwaka mzima hakitafunga. Swali la mama huyo ndilo lililonifanya niende kusoma haya ninayokueleza leo.

Kwa nini mbele ya mguu kuna taabu?

Mama, pitisha kidole chako mbele ya mguu, kutoka goti kwenda chini. Unahisi mfupa mara moja, sivyo? Sasa shika nyuma, kwenye shavu la mguu. Hapo kuna minofu. Mungu ameweka nyama nyingi nyuma, lakini mbele kuna ngozi tu na mfupa. Kwa hiyo ngozi ya mbele ikichunika, mfupa unabaki uchi. Kifundo cha mguu na kisigino ni vivyo hivyo.

Mfupa una utando mwembamba unaoubeba kama ganda la ndani la yai. Utando huo una mishipa midogo ya damu. Ukiwa bado upo, nyama nyekundu inaweza kuota juu yake. Ukichubuka, mfupa unakauka, na juu ya mfupa mkavu hakuna kinachoota. Viini vya ugonjwa huingia, na mtoto anaweza kuugua mfupa kwa miaka mingi.

Madaktari wana njia mbili za kuziba pengo la ngozi, na wengi wetu tunazichanganya. Nitazieleza kwa mfano wa shambani.

Njia ya kwanza ni kupandikiza ngozi. Hii ni kama kung'oa mche kwenye kitalu na kuupanda mahali pengine. Mche hauna chakula chake. Ukiupanda kwenye udongo wenye rutuba na maji, utashika. Ukiupanda juu ya mwamba, utakufa. Ngozi ya kupandikizwa hushika juu ya nyama nyekundu yenye damu. Juu ya mfupa mkavu haishiki.

Njia ya pili madaktari huiita flapu. Hii ni kama mtambaa wa viazi vitamu. Unaushika ukiwa bado umeungana na shina, unauvuta, unaulaza mahali palipo uchi. Hata ukiulaza juu ya mwamba hautanyauka, kwa sababu chakula chake bado kinatoka kwenye shina lake. Flapu ni kipande cha ngozi, au ngozi na nyama, kinachogeuzwa na kuwekwa juu ya kidonda kikiwa na mshipa wake wa damu. Kinakuja na chakula chake.

Hiyo ndiyo siri yote. Sasa tuone binadamu walivyoigundua.

Zamani, dawa ilikuwa msumeno

Kwa karne nyingi, mtu akivunjika mguu na mfupa ukatokeza nje, daktari aliukata mguu. Hawakuwa wakatili. Waliona kwamba wasipokata, kidonda kinaoza na mgonjwa anakufa.

Mwezi wa Agosti 1865, katika mji wa Glasgow, Scotland, mvulana wa miaka 11 alikanyagwa na gari la kukokotwa. Mguu wake wa kushoto ulivunjika na kupasuka. Daktari Joseph Lister hakuukata. Alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, dawa ya kuua viini. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga. Lister alichapisha matokeo yake mwaka 1867, na tangu hapo madaktari wakaanza kuamini kwamba kidonda kikiwa kisafi mguu unaweza kuokolewa.

Lakini usafi peke yake hautoshi pale ambapo ngozi imekwisha. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Kidonda kilikuwa kisafi, lakini mfupa haukuwa na shuka la kujifunika.

Kutoka pua hadi mguu

Flapu haikuanzia mguuni, ilianzia puani. Katika India ya kale, kukatwa pua ilikuwa adhabu na aibu kubwa. Kitabu cha tabibu Sushruta, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kinaeleza jinsi ya kutengeneza pua mpya kwa ngozi ya shavu. Baadaye waganga wa huko wakatumia ngozi ya paji la uso. Waliigeuza chini ikiwa bado imeungana katikati ya nyusi, ndipo ikaendelea kupata damu.

Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari na picha ya Mhindi aliyetengenezewa pua kwa njia hiyo. Daktari Mwingereza Joseph Carpue alijaribu mwenyewe mwaka 1814, akafaulu. Kabla yao, mwaka 1597, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, Italia, alikuwa ameandika kitabu kuhusu kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono. Mgonjwa alifungwa mkono kichwani kwa wiki kadhaa, mpaka ngozi ipate damu mpya usoni.

Mwaka 1854, Frank Hamilton, daktari wa Buffalo huko Marekani, alipeleka wazo hilo mguuni. Alikuwa na mgonjwa mwenye kidonda sugu cha mguu. Hamilton akachukua ngozi kwenye shavu la mguu mzima, hakuikata yote, akaishona juu ya kidonda cha mguu wa pili. Miguu miwili ikafungwa pamoja. Ngozi ilipopata damu kutoka mguu wenye kidonda, akaitenganisha.

Fikiria, mama. Kulala wiki nzima nzima miguu imefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache za kufunika mfupa wa mguu. Kupandikiza ngozi nako kulianza mwaka 1869, pale Jacques-Louis Reverdin alipoweka vipande vidogo vya ngozi juu ya kidonda huko Paris. Hizo ndizo njia zetu mbili, na zote bado zinatumika.

Vita, na ndege zilizokuja Kenya

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ilileta majeruhi wengi mno. Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, alikuwa akitibu askari waliopasuliwa nyuso huko Sidcup, Uingereza. Mwaka 1917 aliona kwamba ukanda wa ngozi ukiukunja na kuushona kama bomba, hauingii viini kwa urahisi na damu inapita vizuri. Karibu wakati huo huo Vladimir Filatov wa Odessa alibuni jambo lilo hilo. Bomba hilo liliweza kusafirishwa kwa hatua: kwanza kutoka tumboni hadi kwenye kifundo cha mkono, kisha kutoka mkononi hadi mguuni. Safari hiyo ilichukua miezi.

Gillies alikuwa na ndugu wa ukoo, Archibald McIndoe, naye wa New Zealand. Katika Vita Kuu ya Pili, McIndoe alitibu marubani walioungua huko East Grinstead. Mmoja wa waliojifunza kwake alikuwa Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyeishi Kenya.

Hapa ndipo historia inapoingia nyumbani kwetu. Wood, McIndoe na Mmarekani Tom Rees, wote watatu madaktari wa kutengeneza miili iliyoharibika, walianzisha mwaka 1957 shirika la Flying Doctors, yaani madaktari wa ndege. Leo tunalijua kama Amref. Walikuwa wameona kwamba mtu wa mashambani akiungua, akigongwa au akiraruliwa na mnyama, daktari anayeweza kumtengeneza yuko mbali mno. Basi wakasema, kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, daktari apande ndege. Kwa hiyo ukiiona ndege ya Amref ikiruka kutoka Wilson, Nairobi, kumbuka kwamba iliwazwa na mafundi wa ngozi na nyama.

Ramani ya mishipa

Mpaka hapo madaktari walikuwa wakikata ngozi kwa kubahatisha. Flapu ikiwa ndefu sana, ncha yake ilikufa, hasa mguuni ambako damu ya ngozi si nyingi.

Ramani ilikuwepo, lakini haikusomwa. Mwaka 1889 mwanafunzi wa udaktari Mjerumani, Carl Manchot, alichora mishipa inayolisha ngozi ya mwili mzima. Mwaka 1936 Mfaransa Michel Salmon alichora tena kwa undani zaidi. Kazi zao zilikaa kwenye rafu kwa miaka mingi.

Katika miaka ya 1960, Ralph Ger, daktari wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba misuli ya mguu yenyewe inaweza kugeuzwa kufunika mfupa. Msuli una mshipa wake mkubwa. Unautenga nyuma ya mguu, unauleta mbele, kisha unapandikiza ngozi nyembamba juu yake. Misuli ya shavu la mguu inafika vizuri chini ya goti na katikati ya mguu. Karibu na kifundo haifiki.

Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, Rollin Daniel na Ian Taylor walifanya jambo jipya. Walikata kipande cha ngozi kwenye kinena pamoja na mshipa wake, wakakitoa kabisa, wakakihamishia kwenye kidonda karibu na kifundo cha mguu. Kisha wakaunganisha mishipa kwa mishipa, wakitazama kwa darubini na kushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mgonjwa hakuhitaji tena kufungwa miguu kwa wiki nyingi.

Lakini darubini hiyo ni ghali, na upasuaji huchukua saa nyingi. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Kwa hiyo kwetu sisi, habari kubwa zaidi ilitoka Sweden mwaka 1981. Bengt Pontén alionyesha kwamba ukichukua ngozi ya mguu pamoja na utando mgumu ulio chini yake, ule unaofunika misuli, flapu inaweza kuwa ndefu na bado ikaishi, kwa sababu mishipa mingi hupita pale. Mwaka 1992 Alain Masquelet na wenzake wa Ufaransa wakaeleza flapu inayofuata mshipa wa fahamu nyuma ya mguu. Hiyo inaweza kugeuzwa chini hadi kufunika kifundo na kisigino. Zote mbili hazihitaji darubini. Zinahitaji daktari aliyefundishwa, kisu kizuri, chumba safi, na wauguzi walio macho.

Somo la siku tatu

Kuna mtu mmoja nataka umkumbuke kuliko wote. Anaitwa Marko Godina, daktari wa Ljubljana, Slovenia ya leo. Alichunguza wagonjwa 532 aliowafunika vidonda kwa flapu za darubini. Waliofunikwa ndani ya saa 72, yaani siku tatu, flapu zilizokufa hazikufika 1 kati ya 100. Waliofunikwa kuanzia siku ya nne hadi mwezi wa tatu, zilizokufa zilikuwa 12 kati ya 100, na walioingiwa na viini walikuwa wengi zaidi pia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1986, mwaka ambao Godina mwenyewe alifariki katika ajali ya barabarani.

Unaona, mama? Mimi nilisubiri wiki tano.

Kwetu si rahisi kufika kwa daktari bingwa ndani ya siku tatu. Najua umbali, najua nauli, najua foleni. Lakini kila siku unayoiokoa inasaidia. Na hata ukiwa umechelewa, usikate tamaa ukakaa nyumbani.

Ufanye nini?

Mtoto akiumia mguu:

1. Kama damu inatoka, bonyeza kwa kitambaa safi. Kisha osha kidonda kwa maji mengi safi na ufunike kwa kitambaa safi.
2. Usipake majivu, kahawa, dawa ya meno, unga wa betri wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huingiza viini, pamoja na vya pepopunda.
3. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.
4. Ukiona kitu cheupe na kigumu, au ukano unaong'aa, uliza wazi: "Je, huu ni mfupa? Je, mtoto anahitaji kupelekwa kwa daktari wa upasuaji?" Huo si utovu wa adabu. Muuguzi mzuri atakushukuru.
5. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki mbili kionwe na daktari, hata kama ni kisafi.
6. Hakikisha wewe na watoto mmesajiliwa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Usingoje ajali ndipo ujisajili.

Mtoto akishafanyiwa flapu:

1. Mguu uinuliwe juu ya mto. Ukining'inia mapema, flapu huvimba na damu hushindwa kurudi. Daktari atakuambia siku ya kuanza kuushusha.
2. Asilalie flapu, na bandeji isibane pale inapogeukia. Kumbuka mtambaa wa viazi: ukikanyaga shina, majani yananyauka.
3. Angalia rangi. Ikigeuka buluu au nyeusi, au ikawa nyeupe na baridi, ita muuguzi mara moja, hata kama ni usiku wa manane.
4. Mtu yeyote asivute sigara karibu na mtoto. Moshi hubana mishipa midogo ya damu.
5. Mpe mayai, maharagwe, omena, maziwa, mboga na matunda. Mwili unajenga upya.

Nisikufiche jambo. Flapu haipendezi kwa macho mwanzoni. Huwa imetuna kama kipande cha maandazi, na mahali ilipotoka pana kovu. Muda unavyopita huteremka kiasi. Pia si kila mguu unaokolewa. Mishipa mikubwa ikiwa imeharibika, au viini vikiwa vimeenea, kukata kunaweza kuokoa maisha ya mtoto. Daktari akisema hivyo, mwombe akueleze sababu, na usimkimbie.

Na yule mtoto?

Siku ile mama aliponiuliza, niliandika barua ya rufaa na kumsindikiza mpaka kwenye matatu. Hospitalini daktari alikwangua mfupa uliokufa mpaka akafika kwenye mfupa unaotoa damu. Kisha akageuza ngozi ya ubavuni mwa mguu pamoja na utando wake, akaufunika mfupa. Pale ilipotoka akapandikiza ngozi nyembamba ya paja. Njia zetu mbili, mche na mtambaa, katika mguu mmoja.

Mtoto alikaa hospitali karibu wiki tatu. Usiku wa kwanza mama yake hakulala. Alikuwa akiwasha tochi ya simu kila mara kuangalia rangi, kama alivyoagizwa. Ncha moja ndogo ilikuwa nyeusi kidogo, ikapona yenyewe kwa kuoshwa. Mengine yote yaliishi.

Nilimwona tena muhula uliofuata, akienda shule. Alikuwa akichechemea kidogo, lakini kwa miguu yake miwili. Mama yake alinisalimia kwa furaha, wala hakunilaumu. Mimi ndiye niliyejilaumu. Tangu siku hiyo, kila kidonda cha mguu kinachoingia kwangu nakitazama na kujiuliza swali lake: hiki kitu cheupe ni nini?

Nawe, mama, usiogope kuuliza. Mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, wachunge watoto barabarani, na kwaherini.